Njia ya Misafara Chini ya Simba

Mimi ni fundi wa kudarizi hapa Tabora, na tangu Jumamosi nakwepa kupita sokoni.

Mzee Kasimu, sajenti mstaafu, aliniletea nembo ya kitambaa ya kikosi chake cha zamani. "Nitengenezee thelathini kama hii, za sherehe yetu wastaafu. Usibadilishe hata uzi." Akaenda zake Urambo kwenye tumbaku.

Simba nilimwelewa. Mikuki miwili niliielewa. Lakini chini ya simba palikuwa na alama ya kahawia, pana chini, nyembamba juu. Mlima? Mlima gani, Tabora hii? Kichuguu? Jeshi na kichuguu wapi na wapi? Nikaigeuza nembo mpaka simba akawa miguu juu, bado sikuambulia kitu. Siku ya tatu ikanijia: hiyo ni njia ya misafara, inatoka kwetu na kupotelea magharibi, kuelekea Ujiji! Nikadarizi zote thelathini.

Kwenye sherehe wazee walizivaa kifuani, wakawa wanazitazama na kutazamana. Nikaona, masikini, hawaijui historia yao. Nikaomba kusema, nikawaeleza wapagazi, pembe za ndovu na vumbi la safari. Mwenyekiti wao akapiga makofi.

Mke wa Mzee Kasimu akaisogelea ile ya mumewe, akaichunguza.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "hapo niliunguza kwa pasi ya mkaa."

Wazee thelathini wakainamisha vichwa, kila mmoja akiitazama pasi yake.