Nguzo ya Fundi Pima

Mtaani walimwita Fundi Pima, kwa sababu alikupima kwa macho kabla hujamaliza kumsalimia. Ungeingia na kitambaa chako mkononi, naye angekuambia mbele za watu, bila haya wala soni, kwamba kiuno kimeongezeka tangu mwaka jana. Wateja walinuna, wakaapa hawarudi, kisha wakarudi. Suruali aliyoshona yeye ilikukaa utadhani ulizaliwa nayo.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya majora enzi za baba yake. Humo, jioni tatu kwa wiki, Fundi Pima aligeuka mwalimu wa karate. Alivua futi ya kupimia shingoni, akaitundika msumarini, akafunga mkanda wake wa kahawia. Naam, wa kahawia. Alibakiza mtihani mmoja tu apate mweusi, baba akafariki, na cherehani ikataka mtu wa kuikalia. Jambo hilo lilimkaa kooni miaka kumi na tisa, na hakumwambia mtu, hata mkewe, ingawa mkewe alijua.

Chama cha karate kilimruhusu kufundisha kwa kibali cha muda. Safari hii waliandika wazi: mwamuzi mkuu ataitazama klabu yake kwenye mashindano, kisha ataamua kama kibali kitaendelea. Kikikatwa, chumba kinarudi kuwa stoo na klabu imekwisha.

Sasa, katikati ya chumba kile palikuwa na nguzo. Nguzo nene ya saruji, iliyobeba ghorofa nzima ya watu na vitanda vyao. Kuna aliyewahi kuigonga kwa paji la uso akaona nyota mchana kweupe. Basi Fundi Pima akaizungushia godoro kuukuu, akalivisha kitambaa cha bluu, mshono umenyooka kabisa, na wanafunzi wakazoea kuikwepa kama unavyomkwepa shemeji mwenye maneno mengi.

Asubuhi ya mashindano mkewe alimnyooshea kola.

"Baba watoto, wakikunyima, usije ukaninunia humu ndani wiki nzima."

"Mimi huwa nanuna?"

"Aa, wewe! Unashona kwa hasira mpaka sindano zinakatika."

Aliwapeleka watatu: binti yake kitindamimba, nesi wa zahanati ya jirani, na mwoka mikate mmoja mwenye mabega mapana kama mlango. Walishindana kwenye kata ya timu. Kata ni pambano na adui asiyeonekana: hatua, mapigo na mateke yaliyopangwa toka zamani, na watu watatu huyafanya kwa pamoja kama mtu mmoja. Kupishana kidogo tu, alama zinakwenda.

Ukumbi ulikuwa mpana, sakafu inang'aa, hamna kitu katikati. Walipoanza, Fundi Pima aliona raha iliyompanda mpaka masikioni. Mikono mitatu ilitoka pamoja, ikarudi pamoja. Wakapiga teke, wakarudi nusu hatua nyuma, wakachepuka kushoto, wakaendelea. Hakuna aliyemwacha mwenzake hata kwa pumzi. Waamuzi wakatazamana.

Alama zilipotoka, walikuwa wa nne. Timu zilikuwa tano.

Binti alijifunika uso kwa taulo. Nesi alimshika bega. Fundi Pima alibaki ameduwaa, akiirudia kata kichwani tangu mwanzo, na kila alipofika mwisho aliona haina kasoro. Ndipo akaitwa mezani.

Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mvi zimemjaa, sauti ya chini.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Fundi Pima, maana kwenye karate yule alikuwa mkubwa wake kwa mbali.

"Marahaba. Vijana wako wanakwenda pamoja vizuri sana. Ila ile nusu hatua ya kurudi nyuma baada ya teke, mmeitoa wapi?"

"Nusu hatua ipi?"

"Ile. Baada ya teke mnatakiwa kusonga mbele moja kwa moja. Wenu wamerudi, wamezunguka, ndiyo wakaendelea. Wote watatu."

Fundi Pima akafumba macho, akaanza kata upya taratibu. Teke. Halafu? Halafu mbele yake likasimama lile godoro la bluu. Joto likampanda shingoni. Miaka kumi na tisa alikuwa akiikwepa nguzo, akawafundisha watu kuikwepa, akawagombeza waliochelewa kuikwepa, mpaka akasahau kabisa kwamba haimo kwenye kata.

Mwoka mikate, aliyekuwa amesogea nyuma yake, alimnong'oneza: "Mwalimu, sema ni mtindo wa mwalimu wako wa zamani. Nani atabisha?"

Kweli, nani angebisha? Mwalimu wake alikwisha kufa. Fundi Pima aliupima uongo ule, akauona unaenea vizuri tu. Lakini mtu aliyezoea kuwaambia watu ukweli wa viuno vyao angeanzia wapi kudanganya kuhusu chake?

"Ni nguzo," alisema. "Chumba chetu kina nguzo katikati. Kosa ni langu, wao wamefuata nilivyowafundisha."

Yule mama hakucheka, japo mdomo ulimcheza. Akafungua faili, akasoma, akalifunga.

"Basi nenda katikati uifanye wewe. Nataka kuona kama unaijua kata au unakijua chumba."

Akavua viatu. Alisimama kwenye sakafu ile pana akiwa na suruali ya kitambaa na vipande vya uzi begani. Aliogopa, tusidanganyane. Miguu ina kiburi chake. Ikishazoea kitu miaka kumi na tisa, haimsikilizi mwenyewe.

Akaanza. Mikono ilikwenda yenyewe. Zamu ikafika, akapiga teke, na kila mfupa mwilini mwake ukamwambia arudi nyuma. Pembeni, binti yake akafumba macho, akajikunja mabega, kama mtu anayesubiri kusikia kishindo.

Fundi Pima akasonga mbele, akapita pale pale ambapo nguzo ingekuwepo. Akaendelea mpaka mwisho, akainama, na alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Hakuyafuta.

Yule mama alisaini kibali, akakisukuma mezani. "Wafundishie uwanjani, hata wa shule," alisema. Kisha akaongeza, bila kumtazama: "Faili linasema umebakiza mtihani mmoja. Mwezi ujao nasimamia mimi. Usichelewe."

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, Fundi Pima alikibana kile kibali kwenye godoro la bluu kwa pini mbili. Akarudi nyuma nusu hatua, akaitazama nguzo juu mpaka chini.

"Mtaa mzima," akaiambia, "wewe peke yako ndiye hujaongezeka kiuno."

Kisha akachukua futi yake msumarini, akaenda kazini.