Chumba cha Cherehani

Ziwa lilipopanda lilianza na vyoo vya watu wa ufukweni, likaja jikoni, kisha likaingia vyumbani na kukaa. Niliyaona hayo kila siku, maana kazi yangu ni kutengeneza injini za boti pale Kibirizi, na kila baada ya wiki kadhaa tulikuwa tunakisogeza kibanda chetu juu. Nyumbani kwangu Katubuka maji hayakufika.

Jumapili moja mchungaji akasema kuna waumini wasio na pa kulala. Akataja familia mbili tatu, mwisho akamtaja bibi mmoja mjane, aliyekuja kutoka Burundi akiwa binti akazeekea hapa, na ambaye watoto wake wote wametangulia. Akauliza nani atampokea. Mbele yangu walikaa watu wenye nyumba za vyumba sita zilizozungushiwa ukuta, wanaishi wawili na mbwa. Mmoja alikuwa anapekua simu. Mwingine wiki nzima alikuwa ametutumia picha za vigae vyake vipya kwenye kundi la wazee wa kanisa. Sasa wote walikuwa wameinama kama wanaosali.

Nikasimama. "Bwana ametufundisha kujikana," nikasema. "Nyumba yangu ni ndogo, lakini bibi atakuja kwangu."

Wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa upande wa akina mama. Sikumtazama.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu: cha kulala, sebule, na kile alichokuwa akishonea mke wangu. Watoto walikwisha kuondoka, mmoja Mwanza, mwingine Dodoma, na mke wangu alikuwa amengoja miaka yote hiyo apate mahali pa cherehani yake, meza ya kukatia na rafu ya vitenge vya wateja. Jioni ile ile nikaitoa cherehani barazani.

"Ungeniuliza kwanza, mume wangu," alisema.

"Nikuulize nini? Bwana angoje ruhusa yako?"

Alikunja vitenge kimoja kimoja akaviweka chini ya kitanda chetu.

Bibi alikuwa hawezi tena kuzuia haja. Kila asubuhi mke wangu aliondoa mashuka, akayaloweka kwenye beseni, akamshika bibi mkono hadi bafuni, akamwogesha, akampaka mafuta miguuni. Alimsagia dagaa kwa sababu hakuwa na meno. Kisha ndipo alipokaa barazani kushona, na mvua ikija ya upepo alibeba kitambaa cha mtu kifuani akakimbilia ndani. Kitenge cha harusi kililowa kikachuja rangi. Wateja wakaanza kwenda kwa fundi mwingine.

Mimi kila asubuhi nilimsalimu bibi shikamoo, nikamwombea kwa dakika tano, nikaenda kazini.

Nikaanza kualikwa kutoa ushuhuda. Nilifika hadi Ujiji. Nilisimama madhabahuni nikakisema kizazi hiki: kila mtu na ukuta wake, kila mtu na picha zake, kila mtu mimi, mimi. Nilisema vizuri. Wapo waliolia. Vijana nao walinipiga picha wakanitumia, na nilipofika nyumbani niliziangalia moja moja kwenye simu, wakati mke wangu akianua mashuka uani.

Siku moja alipigiwa simu kutoka Kalinzi, kwao. Mama yake mgonjwa, hawezi kuinuka kitandani.

"Naomba nikakae naye wiki mbili," akaniambia.

"Na bibi?"

"Wewe si upo?"

"Mimi nina kazi. Halafu mwanaume nitamwogeshaje mama wa watu? Ngoja mwisho wa mwezi, nitatafuta mtu wa kukushikia."

"Mwisho wa mwezi ni mbali."

"Ndiko kujikana huko, mke wangu. Msalaba hauna likizo."

Nilitamka maneno hayo kwa kinywa changu. Hata nilifikiri kuyatumia kwenye ushuhuda mwingine. Naye akangoja. Mtu wa kumshikia sikumtafuta, si siku hiyo wala iliyofuata.

Siku ya tisa asubuhi alikuwa anakamua shuka, simu ikalia. Alifuta mikono kwenye khanga, akasikiliza, akasema "haya" mara mbili, akaiweka simu juu ya tofali. Kisha akaendelea kulikamua lile shuka mpaka tone la mwisho, akalitandaza kwenye kamba, akalibana. Ndipo akaingia ndani kufunga nguo. Hakulia mbele yangu.

Tulimzika mama mkwe huko juu kwenye kahawa. Tulipoanua tanga nikamwambia mke wangu twende.

"Nenda," akasema. "Mimi nabaki."

"Hadi lini?"

"Bibi ulipomleta, uliniambia atakaa hadi lini?"

Ndugu zake walikuwa wamekaa pale pale, wakajifanya hawasikii.

Jirani aliyebaki na bibi aliniambia yeye amefika mwisho. Basi nikaanza mimi. Siku ya kwanza bibi alilia kwa aibu, na mimi nilibana pumzi. Nilimsugua kama ninavyosugua chuma, akaguna. Kila siku aliuliza kwa Kirundi chake, "Umwana wanje ari hehe?" Mwanangu yuko wapi? Hakuwa ananiuliza habari za watoto wake waliokufa. Nikamweleza kwamba mke wangu amefiwa na mama yake huko Kalinzi, na kwamba nilimchelewesha. Bibi akanigeukia.

"Wewe umenileta," akasema. "Yeye ndiye amenipokea."

Kanisani sifa zikaongezeka. Akina mama waliokula chakula cha mke wangu miaka ishirini wakanishika mkono mlangoni: "Pole, mzee. Amekuacha peke yako na mzigo wa Bwana. Wanawake wa siku hizi wanajipenda." Nilivumilia Jumapili tatu. Ya nne nikaomba nafasi, nikasimama, nikasema ukweli. Nikasema chumba nilichokitoa hakikuwa changu, mikono niliyoitoa haikuwa yangu, na mama mkwe alikufa akimwita binti yake kwa sababu yangu.

Walipiga makofi. Mchungaji alinikumbatia, akawageukia: "Mmeuona unyenyekevu wa mzee wetu?"

Nilirudi nyumbani nikaketi nikashindwa hata kula.

Bibi alifariki miezi mitano baadaye, mchana, nikiwa nampa uji. Nikampigia mke wangu. Alishuka na gari la asubuhi, akamwosha na kumvika pamoja na wanawake wengine, akaketi nao kwenye mkeka, akalia kama mtu aliyefiwa na mama mara mbili. Kwangu hakulala. Kesho yake nilimfuata stendi.

"Nimekosa," nikamwambia. "Rudi nyumbani."

"Najua umekosa. Na mimi sikuchukii." Alikuwa anatazama gari, siyo mimi. "Bibi hakunishinda. Ningemtunza hata miaka kumi, kama ungeniita tukakaa tukakubaliana. Nimechoka kuwa sadaka yako."

Kondakta akamwita, akapanda.

Ni mwaka wa pili sasa. Anashona huko kwao, watoto wanakwenda kumwona kabla ya kuja kwangu. Mimi bado naenda kanisani, nakaa nyuma. Kwenye maombi ya Jumatano huwa wanamtaja mke wangu, kwamba Bwana amwondolee ubinafsi na kumrudishia moyo wa utumishi. Niliwaeleza mara moja wakanipigia makofi, sijapata nguvu ya kuwaeleza tena. Wakimaliza kuomba naitikia amina pamoja nao, nachukua kofia yangu, natoka.