Fisi Aliyepewa Upande

Urvi binti Praful namjua tangu anatambaa juu ya majora ya vitenge dukani kwa baba yake, Shinyanga mjini. Asubuhi moja aliinua kichwa akanisalimu "wangaluka" kwa Kisukuma kizuri kuliko changu, na alikuwa hajaota hata jino. Anayebisha akamuulize Praful.

Alipokua akaenda kusoma, akarudi na kazi iliyonichukua muda kuielewa. Anachunguza watu wanavyosema "sisi" na "wale", kisha anatumia elimu hiyo kuokoa wanyama wa porini.

"Bibi," aliniambia, "mtu hamuui mnyama anayemwona ni wa kwao."

Nikamwambia hajaishi na mbuzi wangu.

Basi huku kwetu Mwakitolyo alihamia fisi, akazalia kwenye duara lililoachwa, shimo la dhahabu lisilo na wachimbaji tena. Duara la mtu likikosa mawe ya maana, analaumiwa fisi: eti kuna anayempanda usiku kwenda kuiba bahati za watu. Na huyo mpandaji siku zote ni kikongwe. Miaka yote nimesimulia nilivyopanda fisi mpaka mjini kununua chumvi, akailamba yote njiani. Mwaka huo nilifunga mdomo. Watu walikuwa wameanza kunitazama kwa jicho baya, na fisi akishauawa kwa maneno ya uchawi, anayetafutwa baadaye ni aliyempanda.

Urvi aliyajua hayo. Akakaa kwenye kigoda changu, akanywa uji, akawaza. Sisi Wasukuma tuna makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno hushindana uwanjani, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Urvi akawaendea Wagalu, akawashawishi wamchukue fisi awe wao. Wakashona fisi wa magunia mwenye taya linalofunguka, wakamchezesha. Uwanja mzima ukahamia kwao. Wagika wakabaki na mbwa wawili, na mimi kwa sababu ya magoti.

Furaha ya Urvi ilifika asubuhi tu. Makoye, kiongozi wa Wagika, alipita mlangoni kwangu na paja la mbuzi lililopakwa sumu.

"Shikamoo bibi. Fisi wa Wagalu haoni mavuno mengine."

"Marahaba. Na ngoma yenu je, itayaona?"

Akapita bila kucheka. Urvi alikuwa amesimama nyuma yangu, bakuli la uji limemganda mkononi.

"Bibi, nimefanya nini?"

"Umempa upande, mjukuu wangu. Na wewe mtoto wa Shinyanga, ulitegemea Wagika wapige makofi?"

Akaweka bakuli chini, akamkimbilia Makoye. Nami nikafuata na magoti yangu. Hakumhubiria. Alimwomba tu amtazame kwanza huyo anayetaka kumuua, na Makoye, kwa kuwa hakutaka kuonekana mwoga, akakubali.

Mama fisi hakuwepo. Mdomoni mwa duara watoto wake wawili waligombea buti kuukuu la mchimbaji.

"Hawa nao Wagalu?" Makoye akauliza.

"Hawajacheza ngoma yoyote bado," Urvi akasema.

Makoye akachuchumaa. Yule mdogo alimvuta mwenzake mkia, akapokonya buti, akazunguka nalo huku akirusha miguu.

"Huyo Mgika," Makoye akasema. "Tazama miguu."

"Na huyu mwingine?"

"Huyo aliyezubaa wape wenyewe."

"Na mama yao?"

Makoye akainuka. "Mama hana upande. Mama ni wa Mwakitolyo."

Paja lile alilichoma moto mpaka likawa majivu, nasi tukasimama naye hadi mwisho.

Sasa pande zote mbili zinalinda duara lile, maana ambaye mtoto wake wa fisi atakufa atachekwa mpaka ahame. Atakayeonekana na sumu ana kesi na ngoma zote mbili. Urvi anasema asishangiliwe bado, anataka aone itakuwaje dhahabu itakapoadimika tena. Lakini uwanjani wameshacheza fisi wawili wa magunia, na wa Wagika alikuwa amevaa buti.

Nami nimeirudia hadithi yangu ya chumvi, hadharani, mchana kweupe. Juzi Makoye akaniuliza mbele ya watu fisi niliyempanda alikuwa wa upande gani.

Nikamwambia enzi zile walikuwa hawajagawanywa.