Nilivyomtafsiria mzungu wa takwimu maneno ya Eeddo Halima kule Kotile

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka themanini na kitu, natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo nguvu ya kutunga uongo sina.

Miaka ya hamsini, chuo kimoja Nairobi kilikuwa kinaanzisha idara ya takwimu na hesabu za bima. Idara yenyewe: meza mbili, mashine ya kuhesabu, na mzungu mmoja anayejua utakufa lini kuliko wewe mwenyewe.

Jedwali lake la vifo likakosa data ya huku kwetu. Akaja Garissa na Land Rover imejaa fomu. Mimi nimetoka shule juzi, nikaajiriwa mkalimani. Kichwa kikavimba.

Kijijini Kotile tukaanza na Eeddo Halima, shangazi wa kila mtu pale, aliyewahi kuuza maziwa soko la Garissa.

Alizaliwa mwaka gani?

"Mwaka ule ng'ombe walikufa."

Mzungu akaandika: umri haujulikani. Sayansi hiyo, wakuu.

Watoto aliozaa? Sita. Walio hai? Wawili.

Bwana akafurahi, nambari safi! Halima akaniambia kwa Kisomali, "Hao wanne walikuwa na majina. Mwambie aandike."

Fomu haikuwa na nafasi ya majina. Na mimi kazi nilikuwa naipenda. Nikamgeukia mzungu kwa Kiswahili: "Anasema ahsante."

Kumbe soko lilishamfundisha mama Kiswahili.

"Ahsante? Mimi nimesema ahsante? Wewe mtoto ya Hassan, mimi nasema andika! Wanne nimezika mimi, siyo fomu!"

Jasho lilinitoka hadi masikioni. Nikatafsiri upya, safari hii kweli.

Mzungu akamwomba Halima ayataje majina. Halafu, sifa zake nimpe, akaandika pembeni: Abdi, Nuria, Sahra, Yusuf.

Wakubwa wake Nairobi wakairudisha ile fomu. Eti imechafuliwa. Nikaamriwa niinakili upya bila majina.

Nikakataa. Kazi ikaisha siku hiyo hiyo.

Jedwali likachapwa, maridadi kabisa. Sehemu yetu wakaandika "data haitoshi". Yaani kwa mujibu wa wataalamu, sisi tulikuwa hatufi. Hongera kwetu.

Nilichojifunza: ukipewa maneno ya mtu uyabebe, usiyapambe. Bosi atafurahi, lakini mwenye maneno anakusikia.

Nani mwingine humu amewahi kumgeuzia mtu maneno mbele ya bosi? Funguka tu, mimi aibu yangu nishaianika.