Siku Mativo Alipobonyeza Nakubali

Mativo ni fundi wa cherehani hapa Kariobangi, na niseme ukweli kabla sijaanza kumsema: mashine ikikufia na una sare za kwaya za kumaliza, ni yeye utamwita. Ataifungua, ataipuliza, ataikemea kidogo, na itashona. Shida yake ni moja tu. Mativo anapenda kitu rasmi. Mwonyeshe karatasi yenye nembo, akili yote inamtoka. Kibanda chake kimejaa mabango ya kukataza watu kutema mate, na hakuna mtu amewahi kutema mate pale.

Ni yeye aliyetuletea mchezo. Binamu yake alirudi kutoka majuu na kitabu kinene ajabu, akakiacha kwake. Sisi tuliuita Falme za Vumbi. Hauna mpira wala karata. Mnaketi mezani, mmoja anasimulia dunia ilivyo, nanyi wengine kila mtu anajibunia mtu wake na kusema anafanya nini. Ukitaka kufanya jambo gumu, tuseme kuruka ukuta, unatupa dadu, nayo inaamua kama umeruka au umevunjika mguu. Mativo ndiye aliyekuwa akisimulia. Mimi, Wacera, ambaye hapa nashona sare za shule, huko nilikuwa mwizi wa farasi. Jecinta anauza omena sokoni na ni shemasi kanisani kwao. Huko alikuwa mchawi, na aliipenda kazi hiyo kuliko inavyompasa shemasi.

Tulicheza Jumapili mchana nyuma ya duka langu, na kwa sababu sisi ni watu wa Eastlands, haukupita muda tukawa chama. Mativo mwenyekiti, mimi katibu, Jecinta mweka hazina. Tukaweka na ile sheria ambayo kila chama mtaani kinaijua: mali ya chama haitoki bila saini tatu. Hata sufuria. Hata kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda.

Kisha akaja Bilan. Bilan ana duka la vitambaa Eastleigh, na mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Siku moja aliniletea khaki mwenyewe, akatukuta tukipigana na zimwi, akauliza ni wazimu gani huu, akacheka, akaketi. Alipoona dadu akasimama.

"Dadu mimi siigusi, dada. Dini yangu haitaki."

Mativo akajikuna kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kopo langu la vifungo. Ukitoa cheupe, umefaulu. Cheusi, umeshindwa. Chekundu, umeshindwa vibaya na sisi tunaruhusiwa kucheka. Siku hiyo Mativo alikuwa mtu wa maana sana, na hakumwandikia mtu yeyote barua kuomba ruhusa. Bilan akaketi tena.

Mwaka huo mama yake, Qali, akafariki. Aliuza chai Eastleigh maisha yake yote, na hakuna mtu aliyepita mezani pake bila kuambiwa neno. Jumapili moja Bilan akamwuliza Mativo, kwa sauti ya chini, kama mama anaweza kuwekwa kwenye mchezo, pale langoni pa mji wetu, auze chai. Mativo akamweka. Na alimsema vizuri, jamani, kwa sauti na maneno yake, bila mzaha, mpaka ukamwona. Tukirudi kutoka vitani lazima tupite kwake, naye atutazame, atugombeze, atupe neno la kuingia nalo mjini. Bilan alikuwa akicheka, halafu anajifuta macho na ncha ya shela. Mnielewe hapa: yule mama hakuwa mchezo. Ilikuwa ndiyo njia ya Bilan ya kumwona tena.

Sasa njooni kwa kampuni. Huo mchezo ulitungwa na marafiki wawili huko kwao. Wakauuza kwa kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Hiyo nayo ikamezwa na nyingine inayotengeneza sabuni na nepi. Sisi hatukuwa na habari. Kitu cha kufikiria kichwani kitauzwaje? Kumbe kinauzwa. Na kila walipomezana, sheria zilitoka upya, na kitabu kipya, na cha zamani kikaambiwa hakitambuliki. Toleo moja likasema hakuna tena wezi wa farasi, ni lugha mbaya. Sasa sisi ni wataalamu wa usafiri. Haya, nikawa mtaalamu, nikaendelea kuiba. Lililofuata likasema uchawi umepunguzwa nguvu ili kuwe na usawa.

"Usawa na nani?" Jecinta akauliza. "Si tuko sisi peke yetu hapa?"

Tulicheka tukarudi kwa vifungo vyetu. Mativo hakucheka. Alikuwa anaona haya, aki, kana kwamba jirani amemwona amevaa shati kinyume.

"Wenzangu, tunacheza toleo lisilotambulika."

"Halitambuliki na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe ni sisi," Jecinta akasema. Lakini neno hilo halikumwingia Mativo.

Ndipo kampuni ikatangaza kwamba mchezo wote sasa unahamia kwenye simu. Uingize mji wako humo, utambuliwe, upewe na cheti chenye nembo yao ya joka. Cheti! Mativo wa watu. Akajifungia kibandani akaingiza kila kitu: mitaa, mto, majina ya farasi niliowaiba kwa jasho langu, lango, na mama wa Bilan na kila neno lake. Mwisho yakaja maandishi marefu ya masharti, na chini yake kitufe. Mtu huyu husoma mpaka maandishi ya kiberiti, lakini hayo hakuyasoma. Si yalikuwa na nembo? Akabonyeza Nakubali. Peke yake, bila kumwambia mtu.

Jumapili akaja na shati lililopigwa pasi. Kopo la vifungo akaliweka chini ya meza, simu akaiweka juu. Bilan alikuwa ametoka safari ndefu ya mchezoni, na alikuwa na hamu.

"Nafika langoni," akasema. "Namsalimu mama."

Mativo akatazama simu. Akakohoa, akasoma. "Muuza Chai wa Lango ni mhusika wa kulipiwa. Jiunge na Kifurushi cha Dhahabu ili kuzungumza naye, au tupa dadu umpite."

"Ati nini?" nikasema mimi.

Bilan hakupaza sauti. "Mhusika wa nani?"

"Wa kampuni. Lakini wametupa ruhusa ya kumtumia, dada. Ni masharti ya kawaida. Kila ulichoingiza kinakuwa mali yao, halafu wao wanakuruhusu."

"Mamangu?"

"Si yeye mwenyewe. Yule wa mchezo."

"Mativo. Umewapa watu wa nepi mamangu?"

Akachukua mkoba wake akaondoka. Chai yake ilibaki pale mezani haijaguswa. Mimi damu ilinichemka hadi masikioni. Kikao cha chama kikaitishwa papo hapo, na mshtakiwa ndiye mwenyekiti.

"Katibu," Jecinta akauliza, macho kwa Mativo, "wewe ulitia saini?"

"Sikutia."

"Nami sikutia. Huyu hawezi kutoa sufuria yetu humu akapikie wageni bila sisi, lakini amemtoa mama wa mwenzetu kwa watu asiowajua hata sura."

"Nilitaka tuwe halali," Mativo akasema.

"Tulikuwa haramu lini?" nikamwuliza. Usiache mbachao kwa msala upitao, nikamwambia, na nikamwambia tena na tena, maana nilikuwa nafurahia kumwambia.

Alijaribu kurekebisha, hilo nampa. Akabonyeza pa kufuta. Simu ikamjibu kwamba maudhui haya ni mali ya kampuni. Akaandika kwa kampuni kwa Kiingereza chake chote cha shule. Jibu likarudi hata kabla hajaweka simu chini: asante kwa shauku yako, maoni yako ni muhimu kwetu. Akaandika tena kwa ukali. Likarudi lilelile, na safari hii na kijoka kinachomwinulia kidole gumba. Jecinta alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu Jumapili iliyofuata kiti cha Bilan kilikuwa kitupu, na iliyofuata hiyo pia.

Chama kikatoa hukumu: Mativo atakwenda kuomba msamaha kwa desturi, na sukari na majani ya chai mkononi, nasi tutamsindikiza asije akapotelea kwenye tangazo njiani. Tukaenda Eastleigh. Bilan alitupokea vizuri, maana alilelewa. Akatoa viti, akatoa maji. Mativo akabaki amesimama na mfuko wake.

"Kwa niaba ya chama na wanachama wote," akaanza. Jecinta akamfinya. Akaanza upya.

"Dada Bilan, nimekukosea. Nilitaka tuonekane watu, nikakuumiza. Ile simu tumeitoa mezani. Turudi kwa vifungo. Na mama nitamrudisha langoni kama zamani. Wao wana maandishi, lakini mdomo ni wangu. Hawawezi kunikataza kumsema."

Wueh! Nilikaribia kumpigia makofi. Na nilimwona Bilan uso ukilegea. Akaweka chini futi yake ya kupimia, akakunja mikono kifuani, na sauti yake ikawa ile ya Jumapili zetu.

"Haya, mrudishe. Hapa hapa. Nimetoka safari, nimefika langoni, nimechoka sana. Namsalimu mama. Ananiambia nini?"

Mativo akafungua mdomo. Huyu ndiye aliyemsema yule mama Jumapili zote zile, mpaka tukawa tunamngoja. Akaufunga. Akatazama juu, akatazama marobota ya vitambaa. Nami nilikuwa namwombea, naapa, moyoni nilikuwa namsukuma: sema neno lolote, mjinga wewe, hata ukibuni.

Mkono wake ukapanda hadi mfuko wa shati, ukatoa simu.

Kioo kikawaka ndipo akashtuka, akataka kuirudisha. Bilan alikuwa ameshaiona. Alimtazama, kisha akachukua futi yake.

"Ukiwapata hao watu," akasema, "wamwambie mama namsalimu."

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Bilan akatugeuzia mgongo, akamfunulia kitambaa cha kijani.

"Karibu, mama. Ulitaka mita ngapi?"