Dakika Nane Kutoka Khawaneej Mpaka Hatta

Katika nyumba ya Bi Ghaliya, Rashidiya, hakuna siri ya barabarani iliyompita Khalfan. Magari matatu ya nyumba ile yameandikwa jina la Bi Ghaliya, lakini namba ya simu iliyoko kwenye faili la trafiki ni ya Khalfan, dereva. Aliyeiweka ni marehemu mume wa Bi Ghaliya, miaka mingi nyuma, kwa kuwa alikuwa hapendi simu imlilie wakati wa kula. Marehemu akaenda zake, namba ikabaki. Basi kila rada ya Dubai inapolimulika gari la nyumba ile, simu inayotetemeka ni ile iliyomo mfukoni mwa kanzu ya Khalfan.

Kwa hiyo alijua mambo. Alijua kwamba Fauziya, binti mkubwa, siku aliyosema kachelewa kazini kwake Al Quoz, alikuwa ameegesha gari pasiporuhusiwa mbele ya mkahawa wa Jumeirah. Alijua kwamba Yazan, mdogo wake, huwa na haraka zaidi anapotoka nyumbani kuliko anaporudi. Alijua na akanyamaza. Ikimbidi sana kusema, alimvizia mhusika yuko peke yake, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu: "Jana ulipita Jumeirah, eti?" Yakaishia hapo.

Mwenyewe ni mtu wa Mkokotoni, Unguja, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo kaimalizia Dubai. Ni mfupi, ana kipara anachokificha kwa kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, na anaendesha polepole kiasi cha kuudhi. Malori ya saruji humpita, na baadhi ya madereva wa malori hayo humpigia honi kwa hasira na wengine kwa kumhurumia. Nyumba ile ni ya Waarabu wa Unguja ambao Kiswahili hakijawatoka ulimini, ndiyo maana marehemu alimtafuta dereva wa huko huko. Fauziya na Yazan aliwapokea hawajui kufunga kamba za viatu. Wanamwita Ami, kama ndugu wa baba yao, na tangu siku hiyo hajapata kuwakatalia kitu. Hilo ndilo kosa lake kubwa maishani, na halimo katika faili lolote la trafiki.

Lakini mambo ya alama yalianza na Bi Ghaliya mwenyewe. Dubai faini ni pesa tu, na pesa nyumba ile haikosi. Tabu ni alama nyeusi. Makosa mengine huja na alama, na alama huandikwa kwenye leseni ya aliyekuwa akiendesha. Zikifika ishirini na nne ndani ya mwaka mmoja, leseni inazuiliwa. Mwezi wa Oktoba, Khalfan amelala na homa, Bi Ghaliya alijiendesha kwenda kwenye harusi ya binti wa dada yake, na mkanda hakuufunga kwa kuwa ungemkunja nguo. Kamera ikamwona. Khalfan alipomletea ujumbe, alimwambia, huku akitafuta miwani yake, aende akaseme ni yeye, kwani mama wa watu hana wakati wa kupanga foleni. Khalfan akaenda, akatia saini, akaandikiwa alama nne. Bi Ghaliya akasahau siku ile ile. Hakuwa na ubaya wowote. Aliona ni kutuma mtu, kama anavyotumwa kulipia umeme.

Watoto wakaiona njia. Novemba Yazan alinaswa na simu mkononi, akamwendea Ami wake, na jumla zikawa alama nane. Kisha ikaja Februari, Alhamisi ya tarehe kumi na tatu. Jioni ile Fauziya alimulikwa Khawaneej akiongea na simu, na mama yake alikuwa keshaapa kwamba atamnyang'anya gari akisikia habari ya simu tena. Jioni ile ile Yazan alimulikwa karibu na Hatta, kule milimani, anakwenda mbio ambazo hata kuzitaja ni aibu, kosa la alama kumi na mbili. Alikuwa akingoja jibu la chuo cha marubani na akaamini kwamba doa kama lile litamfungia mlango. Fauziya, alipodokezwa kwamba ujumbe umefika, alimfuata Khalfan Jumamosi. Yazan alimfuata Jumatano, maana ujumbe wa rada ya pili ulichelewa. Kila mmoja alikuja kivyake, wala hakujua habari ya mwenziwe. Khalfan akaenda mara mbili, akatia saini mara mbili. Hakutazama saa iliyoandikwa, hakutazama hata tarehe. Alichotazama ni uso wa mtoto.

Mishi, mpishi wa nyumba, mwanamke wa Mombasa asiyemung'unya maneno, alimwonya jikoni. "Wewe wabeba ya wenyewe mpaka lini?" alimuuliza. "Hiyo leseni ikienda, na visa yako yenda nayo. Kisha hao watoto wako utawaona kwenye simu." Khalfan akanywa chai yake. Alijua Mishi anasema kweli. Kibali chake cha kukaa nchini ni cha udereva, na kilikuwa kinakwisha Juni. Mkokotoni mkewe alishafariki, na mwanawe wa pekee ana mji wake na familia Pemba. Mtu wa umri wake nani atamwajiri upya? Lakini si kazi iliyokuwa ikimkaa rohoni. Aliipenda nyumba ile. Aliwapenda wale watoto kupita kiasi, na chumba chake pale getini ndicho mahali pekee duniani ambapo mtu akikohoa asubuhi yeye anamjua ni nani.

Aprili akaenda ofisi ya trafiki kuhuisha leseni. Mashine ikakataa. Akaelekezwa dirisha la mafaili, akamkuta askari kijana, mpole, aliyemwita Haji na kumkaribisha kiti. Askari akatafuta jina lake, akachapisha rekodi yake ya mwaka mzima, mistari minne tu. Akausoma wa kwanza, akausoma wa pili. Wa tatu na wa nne akaisoma mara mbili, na masharubu yakaanza kumcheza.

Akamuuliza Khalfan, kwa Kiarabu cha upole, kama ile Prado nyeupe ina mbawa. Maana saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni Haji alikuwa Khawaneej, ameshika simu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, jioni hiyo hiyo, Haji alikuwa karibu na Hatta, mwendo wa ndege, tena kwenye Patrol nyeusi. Kilomita zaidi ya themanini kwa dakika nane, na gari kabadilisha njiani.

Khalfan akaitazama karatasi kama aliyeandikiwa barua na mtu asiyemjua. Mtu ambaye hata lori la saruji humpita.

Askari akaacha kucheka, akamweleza ilivyo. Akishikilia maelezo yake, alama zimetimia ishirini na nne na leseni inabaki pale pale mezani. Akisema si kweli, basi alitia saini uongo mbele ya polisi, na faili litakwenda niyaba, kwa waendesha mashtaka. Kuna mlango mmoja tu. Kabla faili halijaondoka, mwenye magari aje pamoja na madereva wenyewe, maelezo yarekebishwe, kila mtu abebe lake. Mwisho Jumatatu. Baada ya hapo jambo halimo tena mikononi mwake.

Ilikuwa Alhamisi. Khalfan akarudi nyumbani na roho juu, na siku zile akaendesha polepole zaidi, mpaka Mishi akamuuliza kama anaumwa. Mlango alioonyeshwa aliuelewa vizuri, na ndio uliomtisha: ili apite yeye, lazima amtaje mtoto. Ijumaa baada ya sala alikwenda mpaka mlangoni kwa Yazan. Kijana alikuwa amelala kifudifudi anasoma kitabu kinene cha injini za ndege, midomo inamtembea kama mtoto wa chuo cha Kurani. Khalfan akarudi alikotoka. Jumapili Fauziya alimletea kahawa kutoka kazini, akakaa naye getini akamsimulia vituko vya bosi wake, na Khalfan akacheka pasipo kusikia hata neno. Mpaka kufika usiku alikuwa amekwisha kata shauri. Atasema makosa yote manne ni yake. Waichukue leseni, wampeleke wanakotaka. Bora arudi Mkokotoni kuliko kumnyooshea kidole mtoto. Ni ukaidi mtupu, mtu aliyekamatwa na uongo wa dakika nane anakwenda kuurudia, lakini mapenzi yalishamziba masikio.

Asubuhi ya Jumatatu alimwambia Bi Ghaliya kwamba inatakiwa saini yake trafiki, jambo dogo. Bi Ghaliya akavaa buibui, akabeba mkoba, akalalamika njia nzima kwamba gari haliendi.

Askari akawakaribisha, akasoma mistari minne kwa sauti. Bi Ghaliya alisikiliza akifikiri askari amekosea faili. Kisha askari akamgeukia Khalfan, akamuuliza nani alikuwa akiendesha Khawaneej. Khalfan akajibu ni yeye. Na Hatta? Ni yeye pia. Askari akaweka kalamu chini.

Bi Ghaliya akamgeukia, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Khalfan. Leo unanidanganya mimi?"

"Sikudanganyi wewe, Bi Ghaliya," Khalfan akasema. "Namdanganya huyu bwana."

Bi Ghaliya akaomba ile karatasi, akavaa miwani, akaanza na mistari ya chini. Haikumchukua muda. Alhamisi ile ya Februari Yazan alimuaga kwamba anakwenda Hatta na wenzake, na Fauziya alikuwa Khawaneej kwa shangazi yake. Akamuuliza Khalfan kama ni hao. Khalfan akainamia vidole vyake. Uso wa Bi Ghaliya ukabadilika rangi, akaanza kusema kwamba hakulea waongo, kwamba leo watamtambua, watoto wazima wanamtwika mtu mzima mizigo yao, huku kidole chake kinapanda juu ya karatasi, Novemba, na juu tena, mpaka kikafika mstari wa kwanza. Mkanda. Oktoba. Akausoma, kidole kikabaki hapo hapo.

Akavua miwani. Khalfan alitamani sana aendelee kufoka.

"Siku ile ulikuwa na homa," akasema mwishowe.

"Ilikuwa homa kidogo tu," Khalfan akasema.

Bi Ghaliya akamgeukia askari, akamwambia kwa Kiarabu aandike: mstari wa kwanza ni wa kwake, yeye Ghaliya, na ndiye aliyemtuma huyu kuja kusema uongo hapa. Akayarudia maneno hayo polepole ili yaandikwe sawasawa. Halafu akatoa simu, akawapigia watoto, akawaambia waje trafiki, bila kuwaambia kwa nini.

Yazan alifika kwanza, Fauziya baada ya saa nzima kutoka Al Quoz. Bi Ghaliya hakuwafokea. Aliwapa karatasi waisome, akawaonyesha mstari wake kabla ya mistari yao, na hilo liliwauma kuliko kelele zote ambazo angepiga. Fauziya akalia, akaukubali wake, akasema gari mama alichukue leo leo. Kumbe hakujua ya Hatta, na Yazan hakujua ya Khawaneej. Walitazamana pale mbele ya dirisha, na ikawaingia akilini kwamba wao wawili, kila mmoja kivyake, wamefanya kazi ya kumfukuza nchini mtu waliyekua mgongoni kwake.

Askari akaandaa karatasi za marekebisho. Akaeleza kwamba kila dereva atatia saini kukubali kosa lake, na Khalfan atatia saini kulifuta jina lake. Kwa Yazan akaongeza kwamba gari litazuiliwa mwezi mmoja, na kwamba chuo kikitaka kuiona rekodi yake, kitaonyeshwa. Yazan akasema ameelewa. Akaandika jina lake chini ya Hatta, na chini ya simu ya Novemba pia.

Ikabaki zamu ya Khalfan. Ya Bi Ghaliya akaifuta. Ya Novemba na ya Fauziya akazifuta, ingawa alimtazama binti kwanza. Kufika ya Hatta kalamu ikasimama. Mkono uliokuwa mwepesi kutia saini uongo ukawa mzito kabisa kwenye kweli. Alama kumi na mbili zile, akizifuta kwake, zinakwenda kumkalia Yazan, na kile kitabu kinene na midomo inayotembea labda ndiyo imekwisha. Akaanza kumwambia askari kwamba hii moja, kama inawezekana, ibaki. Leseni haitazuiliwa kwa kumi na mbili. Yeye mzee, itamdhuru nini?

Aliyejibu ni Yazan, ambaye alikuja akainama juu ya meza, akamsogezea karatasi mbele yake na kuishikilia isiteleze.

"Tia saini, Ami," akasema. "Kazi nitatafuta nyingine. Wewe n'takutafuta wapi?"

Khalfan alimwangalia kijana wake, machozi yanamtiririka na yeye hayafuti. Kisha akatia saini.