Mkwe wa Ukoo wa Mapipa

Katika kijiji cha akina Liao, ukiita "Liao!" sokoni, hata kuku watageuka. Mwenye duka ni Liao, kinyozi ni Liao, mlevi wa kijiji ni Liao, na polisi anayemkamata naye ni Liao. Babu yao ni mmoja. Juu ya mlango wa ukumbi wa mababu limechongwa jina la mji ulio mbali kaskazini, mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuukanyaga. Lakini muulize mtoto yeyote, hata yule ambaye bado hajui kufuta kamasi zake, "Kwenu wapi?" Atakutajia mji huo bila kupepesa macho.

Bibi Zhong Jinlan hakuwa Liao. Aliolewa hapo akiwa bado msichana wa nywele za kusuka, akazaa akina Liao, akawalea akina Liao, akamzika mume Liao, na bado akabaki Zhong vilevile. Huko ndivyo ilivyo: mwanamke akiolewa huhama na masanduku yake, jina la baba yake hakuna anayeligusa.

"Nguo nilibadilisha, kitanda nilibadilisha, hata kiasi cha chumvi kwenye mboga nilibadilisha," alipenda kusema. "Jina nilikuja nalo, nitaondoka nalo."

Pamoja na jina alikuja na pipa. Lilikuwa pipa dogo la mbao la kupikia mchele kwa mvuke, mbao zake zimebanwa kwa pete za mwanzi, na ubavuni baba yake alikuwa amechoma kwa chuma cha moto jina la Zhong. Katika kijiji kizima hapakuwa na mahali pengine jina hilo lilipoandikwa. Humo ndimo alimopika mchele wa kunata wa kutengenezea pombe, na pombe ya Bibi Zhong haikukosa kwenye harusi yoyote. Ikikosa, watu wangetazamana kana kwamba bibi harusi mwenyewe amesahau kuja.

Sasa basi. Asubuhi moja alipanda darini kulishusha pipa kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake Suwen. Likamponyoka. Likabiringika ngazi yote, du du du, likajigonga kwenye kinu cha mawe. Ubao mmoja ukapasuka vipande vipande, na ndio uliobeba nusu ya jina lake.

Bi Qiu, mjane wa shemeji yake, anayeishi ng'ambo ya ua, alikuwa ameshafika kabla vumbi halijatua. Wawili hao walikuwa wakitaniana na kununiana tangu walipokuwa maharusi.

"Nunua la bati, dada. Mjini yamejaa."

"Kaa na bati lako! Mkwe wangu analitengeneza."

Na hapo Bibi Zhong hakuwa anatania. Suwen alipopiga simu kutoka Guangzhou kusema amepata mchumba Mwingereza, bibi hakuuliza umri wala mshahara. Aliuliza, "Ukoo gani?"

"Cooper, Bibi."

"Maana yake?"

Suwen akaenda kutafuta, akarudi na jibu kwamba zamani kwao hilo lilikuwa jina la fundi wa mapipa. Bibi akajipiga paja kwa furaha. Kufikia jioni kijiji chote kilijua kwamba Suwen anaolewa kwenye ukoo mkubwa wa mafundi mapipa wa Uingereza.

Mkwe akaja. Aliitwa Toby, mrefu kama mlingoti, masikio mekundu, mkononi ana kopo la biskuti. Chai haijapoa, Bibi Zhong akamwekea pipa lililopasuka mapajani.

"Bibi anasema ulitengeneze," Suwen akamfasiria, akiangalia dari. Maneno yote ya wawili hao yalipitia kwake.

"Mimi?"

"Si wewe ni ukoo wa mapipa?" bibi akauliza.

"Bibi, mimi nafundisha watoto kuogelea."

Bibi Zhong akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Yaani badala ya kutia maji kwenye mapipa, unatia watu kwenye maji. Na baba yako?"

"Dereva wa basi."

"Babu yako?"

"Aliuza mayai."

"Baba yake babu?"

Toby akakuna kichwa. "Huyo simjui."

Bi Qiu akaweka kikombe chini polepole. Mtu mzima, mwenye ndevu, hamjui baba yake babu! Suwen akajitahidi kueleza: kwa Waingereza majina mengi ya ukoo hayakutoka kwa mfalme wa kale wala kwenye mji wa mababu. Majirani ndio waliowabatiza watu. Aliyeoka mikate akaitwa Mwokaji, mfupi akaitwa Mfupi, anayekaa karibu na kilima akaitwa Kilima, na wajukuu wakabaki na jina hata wakiwa warefu na hawana kilima.

"Majirani!" Bibi Zhong akashika kifua. "Kwa hiyo huyu hapa angenipa mimi jina?"

"Ningekuita Mbishi," Bi Qiu akasema papo hapo.

"Na mimi ningekuita Domo, na wajukuu zako wote wangeitwa Domo!"

Toby, akidhani mambo yanaanza kuwa mazuri, akachangia. "Mama yangu alikuwa Hill. Yaani Kilima."

"Kilima?" Bi Qiu akaruka. "Basi ni ndugu yangu! Sisi akina Qiu jina letu lilitoka kwenye kilima, pale ulipokuwa mji mkuu wa mababu."

Lakini Bibi Zhong hakumsikia. Neno moja tu lilikuwa limemkwama masikioni. "Alikuwa? Maskini, alifariki lini?"

"Hapana, Bibi, mzima kabisa. Alipoolewa ndiyo akawa Cooper."

"Nani alimnyang'anya jina?"

"Hakuna. Ni desturi tu."

"Na siku hiyo baba yake alifanya nini?"

Toby akafikiri. "Alicheza dansi."

Bibi Zhong akamgeukia Suwen kama mtu anayenusa kitu kinaungua jikoni. "Na wewe watakuita Mapipa?"

"Bibi, mimi ni Liao. Tulishazungumza, nabaki Liao."

"Afadhali. Lakini nisikilizeni nyote wawili. Nimeshawaambia watu. Pipa bovu, hakuna mchele. Hakuna mchele, hakuna pombe. Na bila pombe yangu hakuna mjukuu wangu anayetoka mlango huu. Mpe randa."

Toby akapewa randa, ubao wa msonobari na kigoda kifupi kilichomfanya magoti yafike masikioni. Bibi Zhong akakaa mbele yake, fimbo mkononi. Watoto wakajaa ukutani kama ndege. Ubao wa kwanza ulitoka mnene mno. Wa pili ulitoka umepinda kama ndizi, Bi Qiu akauomba akakunie mgongo. Kesho yake viganja vya Toby vilikuwa na malengelenge, lakini kila akikosea alicheka mwenyewe kabla ya watoto, akachukua ubao mwingine. Hilo bibi aliliona.

Siku ubao ulipoingia mahali pake, ua mzima ulipiga makofi. Bibi akamimina maji. Yakatoka ubavuni, chururu, kama mtoto mchanga.

Toby akainamisha kichwa. "Samahani, Bibi. Ukoo umekufa na mimi."

Bibi Zhong akalizunguka pipa, akagusa panapovuja. Halafu akararua upindo wa aproni yake, akaulowesha, akaufunga pale kwa nguvu. "Mvuke ni mjinga," akasema. "Ukiuzibia kidogo unasahau njia. Washa moto."

Mchele ukaiva. Ulinata vizuri, ukanukia hadi kwa kinyozi, na bibi akala konzi nzima akiwa amesimama.

Likabaki jina. Suwen akachora kwa chaki ile nusu iliyokosekana, Toby akapasha chuma moto akafuata mistari, ulimi nje. Ilitoka imeegemea upande, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Bibi Zhong akaitazama kwa muda mrefu. Ya baba yake nayo haikunyooka sana, ukweli ni huo.

"Mama yako," akauliza, "jina lake la kwao limeandikwa wapi siku hizi?"

Toby akakuna sikio. "Labda kwenye daftari zake za shule. Sijui kama bado zipo."

"Liandike hapa, kando ya langu. Mtu asikose hata pahali pamoja pa jina lake."

Suwen akachora alama ya kilima, akiwa ameng'ata midomo kwa sababu ambayo bibi hakuiona. Toby akaichoma. Kisha wakampigia mama yake simu ya video, wakamwonyesha. Mama alifunika mdomo kwa mkono, halafu akalitamka taratibu, "Hill," kama anayemwita rafiki aliyesoma naye.

Bibi Zhong alikuwa bado anajipangusa macho kwa aproni iliyoraruka Bi Qiu alipovuka ua. Akainama, akasoma, akapiga ukelele uliowaamsha bata.

"Heee! Qiu! Jina langu kwenye pipa lako!"

Kwa maana kilima ni kilima, na alama yake ni ileile moja ya jina la Qiu. Bibi Zhong alijua kusoma jina lake, la Liao, na bei za sokoni, basi. Akamwangalia Suwen. Suwen akaangalia dari ambayo haikuwepo.

"Futa!"

"Moto haufutiki, Bibi," Toby akasema.

Siku ya harusi pombe ilitosha hadi kwa mlevi wa kijiji. Pipa liliwekwa mlangoni, limefungwa kitambaa chekundu pale linapovuja, na Bibi Zhong akawaambia wageni kwamba mkwe wake ni fundi wa mapipa kama jina lake lilivyo, waone wenyewe. Kila alipogeuka kumpokea mtu, Bi Qiu alilizungusha pipa kidogo kilima kikae mbele. Bibi Zhong akirudi, analizungusha tena.